Bei ya Kumfunga Jini

Jumamosi moja usiku, katika chumba cha hosteli jijini Dar es Salaam, niliteketeza kijiji kizima kwa sentensi moja.

Tulikuwa watano, tumekaa sakafuni, katikati yetu sahani ya chipsi zilizokwisha na simu yenye programu ya kurusha dadu. Tulikuwa tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kama hujawahi kuucheza, fikiria hadithi ya jioni ambayo wasikilizaji wanaruhusiwa kuingia ndani. Mmoja wenu anasimulia dunia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ya pande 20 inaamua kama ulichojaribu kimefaulu. Mhusika wangu alikuwa mchawi msomi, mzee mwenye ndevu na kiburi.

Katika sheria za mchezo huo kuna uchawi wa kumfunga kiumbe wa dunia nyingine. Kwanza unamwita, kisha unamzuia asitoroke, halafu unakaa saa nzima ukisoma maneno yako huku kito cha thamani ya vipande 1,000 vya dhahabu kikiteketea. Ukifaulu, kiumbe huyo anakutumikia kwa saa 24, na mchawi mkubwa kabisa anaweza kumshika kwa mwaka mmoja na siku moja. Ila kuna kifungu ambacho wachezaji wengi hukipita haraka: kiumbe lazima atii maneno yako, lakini kama anakuchukia, atayapindisha maneno hayo kadiri awezavyo yamfae yeye.

Nilimfunga jini wa moto. Nikamwambia, "Hakikisha hakuna mtu wa hapa atakayetuibia usiku huu." Asubuhi, msimulizi wetu akasema kwa sauti ya taratibu kwamba kijiji tulichopiga kambi pembeni yake kimekuwa majivu. Hakuna aliyetuibia. Hakuna aliyebaki wa kuiba.

Wenzangu walicheka hadi mlinzi akagonga mlango. Msimulizi, ambaye ni mtu wa Tanga, alitikisa kichwa na kuniambia, "Kaka, kwetu hata mtoto wa madrasa anajua jini haamrishwi hivyo." Nilicheka pia. Lakini nilipolala nilikuwa namfikiria mjomba wangu wa Makambako, ambaye hajawahi kushika dadu maishani mwake.

*

Mimi ni mtu wa Iwawa, Makete. Watu wakisikia Makete hufikiria baridi, viazi na mbao, na hawajakosea. Sisi ni Wakinga, na ukisema hivyo Dar es Salaam utasikia jambo la pili: biashara. Kariakoo, Mbeya, Makambako, Wakinga wana maduka. Na baada ya biashara huja jambo la tatu, ambalo husemwa kwa kicheko, na kicheko hicho huwa hakijulikani kinaishia wapi: "Nyie mna vitu vyenu." Maana yake ni kwamba mali ile haikuja bure. Kuna kitu kimefungwa mahali, kinalishwa, na siku moja kitadai.

Mjomba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Makambako, pale njia ya Dar es Salaam, ya Mbeya na ya Songea zinapokutana. Alianza kwa kuuza misumari kwa kilo. Nilipokuwa sekondari tayari alikuwa na ghala. Nitarudi kwake. Kwanza nataka nieleze nilichokwenda kukisoma baada ya usiku ule, kwa sababu nilitaka kujua watu wamekuwa wakilipa nini, na nani hasa hulipa.

*

Rafiki yangu wa Tanga alikuwa sahihi. Majini ya mchezo wa Wamarekani yametoka upande wake wa dunia. Katika *Alfu Lela Ulela* kuna hadithi ya Mji wa Shaba, ambamo khalifa Abdul Malik anataka kuona vyombo ambavyo Nabii Suleiman aliwafungia majini, na msafara unatumwa jangwani kuvitafuta. Jina la mji huo limeingia hadi katika vitabu vya mchezo wetu.

Kisa kinachonigusa zaidi ni kile cha Kurani, cha kifo cha Suleiman. Majini yalikuwa yakimjengea, na yeye amesimama akiegemea fimbo yake. Akafa hivyo hivyo. Majini yakaendelea kufanya kazi ngumu mbele ya maiti, bila kujua, mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo na mwili ukaanguka. Kwa hiyo mwishoni kilichoyashika majini kazini kilikuwa ni kutojua tu.

Kwenye pwani yetu, kwa muda mrefu, watu wengi hawakuhesabu kumfunga pepo kuwa ushindi. Katika ngoma za kupunga, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Yeye ndiye anayekaliwa. Mganga hazungumzi na pepo kama bwana na mtumwa, humuuliza jina, kabila, anataka nini: ubani, kitambaa cha rangi fulani, sinia la vyakula. Mara nyingi pepo hafukuzwi, hufanywa mkwe mgumu ambaye lazima aalikwe kwa heshima. Maneno yenyewe yanaonesha nani mkubwa, maana kiti hakimwamrishi anayekikalia.

*

Nilidhani mambo haya ni ya pwani. Kisha nikasoma kuhusu Lwembe, na nikagundua kwamba mfano mzito kuliko yote ulikuwa nyuma ya milima ya kwetu.

Ukitoka Ukinga kuelekea magharibi, Milima ya Livingstone inaanguka ghafla hadi bonde la Ziwa Nyasa, nchi ya Wanyakyusa. Huko kuna Lubaga, msitu mtakatifu wa Lwembe. Simulizi zinasema mashujaa wa kwanza walioleta utawala bondeni walitoka huku juu, Ukinga. Lwembe alikuwa mmojawapo, na kwake ndiko kulikohesabiwa kuwa chanzo cha chakula, mvua na uzazi. Makuhani wa Kikinga walikuwa wakiteremka milima kwenda Lubaga wakiwa na majembe, kwa kuwa Wakinga walikuwa wahunzi na majembe yao yalisifika bondeni. Mwanaanthropolojia George Park, aliyefanya utafiti Ukinga, aliandika mwaka 1966 makala nzima juu ya makuhani hao na siasa za maradhi ya mlipuko. Kuhani aliyeaminiwa kuweza kusema na chanzo cha tauni hakuwa mtu wa kupuuzwa na mtawala yeyote.

Lakini Lwembe hakuwa jina la mzimu tu. Alikuwa pia mtu aliye hai. Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1934 hadi 1938, alieleza jinsi mtu huyo alivyopatikana. Makuhani walimchagua, halafu wakamkamata. Walilazimika kumkamata kwa sababu hakuna aliyetaka. Kila mtu alijua mwisho wake: Lwembe hakuruhusiwa kuugua na kufa kama watu wengine. Akiugua sana, makuhani walimziba pumzi. Kabla hajakata roho walimng'oa nywele na kucha wakazizika, ili neema ya nchi isiondoke naye.

Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Hebu utazame kwa macho ya mchezo wetu. Kuna nguvu kubwa isiyo ya dunia hii, inayoweza kuleta mavuno au njaa. Watu wanataka ibaki karibu, itabirike, isitangetange. Njia yao ya kuifunga ni kuiweka ndani ya mtu. Mtu huyo anapata heshima na hofu ya kila anayemwona, naye anaishi akiwaogopa wale wanaomhudumia. Kito kinachoteketea katika sheria za Wamarekani, Lubaga kilikuwa na jina, mama na watoto.

Sitaki kuwafanya wazee hao wakatili wa kutishia watoto. Waliishi mahali ambapo mvua ikichelewa watu wanakufa, nao walifanya hesabu ambayo serikali nyingi zimeifanya baadaye kwa maneno ya kisasa zaidi: mmoja kwa ajili ya wengi. Ninachosema ni kwamba walikuwa wakweli kuhusu bei. Hawakusema nguvu hiyo ni ya bure, wala hawakumficha anayelipa.

Wilson aliandika jambo lingine ambalo sijalisahau. Wanyakyusa waliamini katika pumzi ya watu. Mtu akikosea, majirani wananung'unika usiku wakiwa wamekaa motoni, na manung'uniko hayo humfikia kama upepo wa baridi. Mwili unatetemeka, anaugua. Neno lao la pumzi hiyo ni ndugu wa neno letu *upepo*, na wa *pepo* pia. Hata chifu aliogopa pumzi hiyo. Kwa hiyo palikuwa na nguvu mbili: ya Lubaga, iliyofungwa ndani ya mtu mmoja, na nyingine isiyofungwa na yeyote, inayotoka vinywani mwa majirani.

*

Kisa cha tatu kinajulikana na kila aliyesoma historia ya kidato cha tatu, ila huwa tunakisoma haraka. Mwaka 1904, huko Ngarambe karibu na Rufiji, Kinjikitile Ngwale alishikwa na pepo aitwaye Hongo. Simulizi zinasema alizama kwenye kidimbwi cha mto na kutoka akiwa mkavu. Angalia kitenzi: alishikwa. Hakumwita Hongo wala hakumfunga. Kutoka kwake ilitoka dawa, maji yatakayogeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, na maji hayo yalikuja na masharti: usipore, usilale na mwanamke wakati wa vita.

Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita havikufa naye. Maji yalifika hadi Ubena, na tarehe 19 Septemba 1905 watu wa chifu Mbeyela walishambulia misheni ya Walutheri ya Yakobi, si mbali na mji wa Njombe wa leo. Ndani ya misheni walikuwa na bunduki. Maji hayakuzuia kitu.

Kote vita vilikopita, risasi zilipopenya, lilisikika jibu lile lile: masharti yamevunjwa. Aliyekufa alipora, au alilala na mwanamke, au aligeuka nyuma. Mkataba haukosei, anakosea aliyesaini. Nayajua maneno hayo, bado yanasemwa. Mganga akishindwa, mgonjwa ndiye aliyekosea masharti.

Vita vya Majimaji vilikuwa vita vya haki dhidi ya kodi, viboko na pamba ya kulazimishwa, na sina haja ya kuwacheka waliobeba mikuki mbele ya bunduki. Maji yaliwaunganisha watu ambao hakuna chifu mmoja angeweza kuwaunganisha. Hiyo ilikuwa nguvu ya kweli. Lakini Wajerumani walipochoma mashamba na maghala, waliokufa njaa wengi wao hawakuwa wapiganaji. Makadirio ya wanahistoria wa Tanzania yanafika watu 250,000 hadi 300,000. Watoto waliokufa mwaka 1906 na 1907 hawakunywa maji wala kupewa masharti yoyote.

*

Karne hiyo hiyo ilipokaribia kuisha, Pemba na Unguja zilikumbwa na Popobawa. Mwaka 1995 familia zililala nje, zimekaa pamoja mbele ya moto, kwa hofu ya kiumbe aliyesemwa kuingia ndani usiku na kuwadhalilisha watu vitandani. Kati ya maelezo yaliyozunguka juu ya asili yake, moja lilikuwa hili: shehe mmoja, zamani, alimwachia jini awaadhibu majirani zake, kisha akashindwa kumrudisha.

Ni hadithi ile ile ya kijiji changu cha majivu. Mtu anatoa amri kwa hasira, na kiumbe anaitekeleza kupita mipaka.

Lakini aliyekufa mjini Zanzibar mwaka ule hakuuawa na jini. Alikuwa mgonjwa wa akili, mgeni mtaani, na kundi la watu lilimshambulia likidhani ndiye Popobawa. Huyo ndiye ninayemkumbuka kila nikisikia watu wakicheka hadithi ya Popobawa. Katika mambo yote yaliyosimuliwa msimu huo, kifo chake ndicho kilichoacha maiti.

*

Sasa mjomba.

Januari 2019, Njombe ilianza kuokota miili ya watoto. Sitaeleza zaidi ya hapo, kwa sababu wazazi wao wako hai na wanasoma. Viongozi wa serikali walizihusisha mauaji hayo na imani za kishirikina za kutafuta utajiri. Ilimaanisha kwamba mahali fulani mtu aliaminishwa kuwa kuna nguvu itakayomletea mali, na nguvu hiyo ina sharti, na sharti ni mtoto wa mtu mwingine. Mama yangu mdogo aliyekuwa akiishi Njombe aliacha kwenda shambani akawa anawasindikiza watoto wake watatu shuleni asubuhi na kuwangoja getini mchana. Mji mzima ulikuwa umeshikana mikono na watoto wake.

Na mji wenye hofu hivyo hutafuta tajiri wa karibu.

Makambako haiko mbali na Njombe. Wiki ya pili, mteja mmoja wa mjomba aliacha kuja. Kisha wawili. Mama mmoja aliyekuwa akimuuzia maziwa kwa miaka sita alianza kupita upande wa pili wa barabara akiwa amemshika mwanawe bega. Hakuna aliyesema neno mbele yake. Usiku mmoja mtu aliandika kwa mkaa ukutani pa ghala neno moja: KAFARA. Mjomba alilifuta kwa maji na sabuni, mimi nikimmulikia tochi. Nilikuwa likizo. Aliniambia, "Mwanangu, usimwambie shangazi yako." Lakini shangazi alikuwa amesimama mlangoni tayari.

Sheria ya uchawi tuliyoirithi kutoka ya Waingereza ya mwaka 1928 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtu anayeshukiwa, aende kuishi kwingine. Kwa mjomba hakuna ofisi iliyolazimika kuandika barua. Alijihamisha. Mwezi Machi aliuza mabati na saruji kwa bei ya hasara, akafunga duka, akarudi Iwawa kulima viazi. Tangu siku hizo alikuwa akitetemeka usiku. Zahanati walimpima malaria, hakuwa nayo. Miaka michache baadaye, nilipokutana na ile sura ya Wilson kuhusu pumzi ya watu, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Nilimuuliza bibi, mama yake mjomba, kama aliwahi kusikia habari za Lwembe. Alikuwa anamenya viazi. Bibi huniita mume wake, kama mabibi wote. Akasema, "Mume wangu, hayo ni ya wazee, sisi tulibatizwa." Akamenya kimya kiasi. Kisha akasema, "Ila wale walimjua wanayemkamata. Hawa wa siku hizi wanakamata yeyote."

*

Hicho ndicho nilichojifunza, kama inafaa kuita kujifunza. Katika kila kisa, aliyefikiri anamfunga kiumbe aliishia kumfunga mtu. Lubaga walimfunga mtu mmoja, wakijua. Wakati wa Majimaji waliofungwa ni waliokufa, kwa lawama ya masharti. Zanzibar alikuwa mgonjwa asiye na mtetezi. Njombe walikuwa watoto, kisha, kwa namna nyingine na ndogo zaidi ambayo naona aibu hata kuilinganisha, mzee wa duka la misumari. Kama majini yapo au hayapo, sitalimaliza swali hilo kwa kurasa hizi, na nyumbani kwetu kuna watu wa kila jibu. Lakini bei ipo, nimeiona ikilipwa. Na mara nyingi anayelipa si yule aliyesema maneno.

Jumamosi iliyofuata tulikutana tena hosteli. Wenzangu walitaka tuendelee na safari, kulikuwa na joka la kuwinda. Msimulizi akanigeukia. Jini wangu alikuwa amesimama mbele yangu, akasema, amebakiza saa tatu za utumishi, anangoja amri. Nifanye nini?

Nilisema namwachia. Akarusha dadu nyuma ya mkono wake, akasema jini ameondoka bila kugeuka.

Kisha nikasema mchawi wangu anarudi kule kwenye majivu. Wenzangu wakaguna, hakuna hazina kule. Nilisema najua. Nilimwomba msimulizi anitajie waliokuwa wakiishi pale, majina yao, nyumba kwa nyumba. Hakuwa ameyaandaa, kwani kwake kilikuwa kijiji cha kupita tu. Alikaa kimya, akachukua kalamu, akageuza karatasi yake upande wa pili, akaanza kuyatunga mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mwanamke muuza maziwa. Tulifika majina kumi na saba kabla mlinzi hajagonga mlango.